Bibi Harusi Asiye na Uso

Jumatatu, 6 Julai. Pito

Na tena si kweli kwamba filta nyeusi zaidi ndiyo bora kila wakati. Hilo ndilo tumebishania mpaka chai ikapoa. Deo anasema namba 32 ni ya saa sita mchana tu, asubuhi namba 8 inatosha. Mimi nasema nguo nyeupe, ukuta mweupe, bati jipya: weka 32 hata saa nne. Akacheka. Akasema kumbe ameoa mwalimu. Jamani mume wangu akicheka! Nasahau hata vyombo kwenye beseni.

Bado nashangaa nikiamka na kuona koti lake na kitenge changu kwenye msumari mmoja.

Filta yenyewe ni kioo cheusi kidogo kama kifungo cha koti; namba ikiwa kubwa, weusi unazidi. Unaibana mbele ya kamera ya droni, mwanga unapungua, picha inatembea laini. Bila filta kwenye jua kali unachagua hasara: ama picha irukeruke, ama vyeupe viungue kwa mwanga, kisionekane kitu. Siku ya harusi yetu rafiki yake Deo ndiye aliyerusha. Hakuwa na filta. Akataka ulaini, akaacha mwanga uingie wote. Gauni langu likaungua. Uso wangu nao. Video ikapelekwa Kaoze, bondeni, kwa mama mkwe, ambaye moyo na miguu vinamkataza kupanda huku juu. Akatazama mpaka mwisho, akauliza, "Mbona bibi harusi hana uso?"

Picha za mnato ameziona. Anasema zile ni poda, anataka kumwona mtu.

Nililia. Deo akaagiza filta.

Jumamosi hii Sista Yasinta, dada wa mama mkwe, anafanya jubilei ya dhahabu kule Msanzi, na Deo ndiye atakayerusha droni. Tumbo moja hao wawili. Mama hawezi kuja. Amemwambia Deo kwenye simu, sauti imekatika katikati: "Mwanangu, safari hii nione nyuso." Daktari amesema moyo wake si wa kuahidiana mambo ya mwakani.

Jumanne, 7 Julai

Nimeivunja.

Siwezi kuandika. Nitaandika kesho.

Jumatano, 8 Julai

Nilikuwa barazani nafuta vumbi kwenye filta kwa kitambaa cha miwani. Ile namba 32. Babu wa mwenye nyumba akapita na jembe begani. Nikafanya kama nilivyofundishwa tangu natambaa: nikachuchumaa, nikapiga makofi ya kumsalimu. Makofi! Na kioo kiko kiganjani! Kikachomoka, kikagonga ngazi ya saruji. Vipande.

Babu akaitikia vizuri kabisa. Akauliza mbona nalia, kwani nyumbani kwetu kuna msiba?

Mfipa gani anafikiri kabla ya kusalimia? Mikono inakwenda yenyewe.

Deo hakunigombeza. Bora angenigombeza. Aliokota vipande kimoja kimoja, akavifunga kwenye karatasi kana kwamba vitaponywa. Mchana amezunguka mji mzima. Sumbawanga hakuna duka lenye filta ya droni. Tumepiga simu Dar. Muuzaji anazo, atazipakia kwenye basi leo. Zifike Ijumaa.

Zifike. Zifike. Zifike.

Alhamisi, 9 Julai

Sikutaka kukaa nangoja. Nimekwenda sokoni kutafuta miwani ya jua yenye kioo cha kijivu. Muuza miwani akanipa ya kike, pana, akasema imenipendeza. Nikamwambia ni ya droni. Akaita wenzake.

"Njooni muone! Droni ya dada inaumwa macho!"

"Mpeleke kwa mganga, dada. Ni husuda hiyo."

Wamecheka mpaka wateja wamesimama. Mimi nimenunua. Fundi wa saa akakata kipande, akakigandisha kwa gundi kwenye ile pete ya filta iliyovunjika. Nimetembea nacho nimekishika kama yai.

Upepo leo umekata ngozi. Midomo imepasuka. Sijali.

Ijumaa, 10 Julai

Siku mbaya kuliko zote tangu niolewe.

Basi limeharibika njiani, hata Mbeya halijafika. Mzigo umelala humo.

Tumejaribu kioo cha miwani kwenye mashamba, mahindi yameshavunwa, pako wazi. Ni kizito. Droni ilipowashwa tu, shingo ya kamera ikainama, ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria, ikagoma. Tukakitoa. Tukabana namba 8. Saa sita kamili, ili tujue ukweli. Nilivaa gauni langu la harusi nikatembea kwenye mabua huku na huko. Wanawake waliokuwa wanapepeta ulezi wakaacha ungo. Mmoja akauliza kwa sauti kama ndoa imerudiwa.

Deo akapunguza mwanga kwa kuharakisha kamera, ifumbe jicho upesi: uso wangu upo, lakini akipita juu yangu kwa kasi picha inarukaruka, kichwa kinauma. Akaiacha kamera taratibu: laini kama maziwa, na mimi sina uso. Tena.

Nikamwambia achukue ile yenye uso. Akasema hawezi kumpelekea mama yake kitu cha hovyo, atapata kizunguzungu, ana ugonjwa wa moyo. Nikasema mama hakuomba sinema, aliomba nyuso. Akasema, "Usinifundishe kazi yangu." Yeye, aliyecheka Jumatatu kwamba ameoa mwalimu.

Amekula amenipa mgongo. Ni ugomvi wetu wa kwanza na umetokea kwa ajili ya kioo cha ukubwa wa kifungo. Kama mama mkwe atakufa bila kuiona siku ya dada yake, ni mikono yangu hii. Naiangalia. Naichukia.

Jumamosi, 11 Julai. Msanzi

Naandika nikiwa kwenye kigoda nyuma ya jiko la parokia. Wanakula.

Misa ilichelewa kuanza, kwa hiyo imechelewa kuisha. Jua lilikuwa juu ya utosi. Hakuna hata wingu moja la kutuhurumia. Masista wote weupe, ukuta mweupe, bati linawaka. Deo akabana namba 8. Alikuwa na mpango wake: atokee nyuma ya mnara, azunguke kanisa, ashuke na maandamano. Nilijua kitakachotokea. Yeye pia alijua. Niliona jasho shingoni na baridi yote hii.

Waimbaji wakatoka mlangoni. Nikamshika mkono, mbele za watu, mke wa juzi juzi.

Nikamwambia, "Deo, usiizungushe. Harakisha kamera, halafu simamisha droni hapohapo. Wao ndio watembee."

Akaniangalia. Nikafikiri ananifukuza.

Akasimamisha.

Droni ikaning'inia mbele ya mlango wa kanisa, juu kidogo ya vichwa, haikwenda popote. Na watu wakaja wenyewe. Kwaya. Watoto wa shirika la Utoto Mtakatifu. Masista. Halafu Sista Yasinta na fimbo yake, mdogo, mkavu, anacheza kwa mabega tu. Hatua zao ni za taratibu, hakuna cha kurukaruka. Alipofika chini ya droni akainua uso. Alijua picha zinakwenda kwa nani. Akasema kwa sauti, "Haya mdogo wangu, niangalie vizuri, meno yameondoka!" Watu wakaangua kicheko. Deo akawa analia na kidole kiko kwenye rimoti.

Halafu Sista akaja moja kwa moja kwangu. Nilikuwa na betri ya akiba mkononi. Nikaiweka chini kwanza. Nikachuchumaa, nikapiga makofi.

Hatujaangalia kama picha zimetoka. Deo anaogopa kufungua kompyuta. Na mimi naogopa zaidi.

Jumapili, 12 Julai. Pito

Hakuna umeme tangu jana jioni. Kompyuta imeisha chaji. Filta kutoka Dar zimefika leo mchana, zimefungwa vizuri sana. Tumeziangalia, tukazifunga tena. Deo amenishika mkono njia yote kutoka stendi.

Jumatano, 15 Julai. Pito

Umeme ulirudi jana. Nyuso zipo. Zote.

Si laini kama anavyotaka Deo. Bendera juu ya lango inapepea kwa kukatikakatika, na vitambaa vya waimbaji vinaruka. Yeye anaviona, mimi sivioni. Naona makunyanzi ya Sista Yasinta, na pengo lake.

Tulikata kipande kifupi tukamtumia Leti, mdogo wake Deo, mwenye simu ya kioo huko Kaoze. Mengine ni mazito, mtandao wa kule hauyabebi. Leo asubuhi mama mkwe amepiga. Deo akaweka simu katikati yetu. Mama alikuwa anapumua kwa shida, lakini alikuwa anacheka. Amesema Leti ameirudisha mpaka simu imepata moto. Amesema dada yake amezeeka vibaya. Kisha akauliza,

"Na yule binti pembeni, anayemsalimia Yasinta? Amechuchumaa, anapiga makofi. Ni nani yule?"

Deo akanisogezea simu. Nikasema mimi, "Shikamoo mama. Ni mimi."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe uso unao."

Nimekaa barazani sasa. Jua limelala, upepo umetulia. Filta mpya iko kwenye kasha lake, siigusi. Deo ndani anakata video nzima aiweke kwenye flashi. Anapiga mluzi.

Kabla mwezi huu haujaisha tutashuka Kaoze. Nitabeba kompyuta, flashi na unga wa ulezi. Nikifika mlangoni kwa mama, nitaweka kila kitu chini kwanza.