Mashini Iliyovaa Sufuria Yangu

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 8 julai 1985

Furaha, toa sufuria yangu kwenye hicho kichwa! Mutoto wa miaka kumi na tatu, wa kwanza darasani, unajificha nyuma ya manjanja, mabati ya ua, umevaa sufuria ya bugali kama mwendawazimu. Nilimuambia hivyo mbele ya majirani. Naandika hapa ili asije akasema sikusema.

Sufuria ikatoka. Nilipoenda kutazama maharagwe, ikarudi.

Ni muchezo wa vakansi, shule imefungwa. Baba yake, mutoto wangu Bauma, anaendesha kamyo ya mizigo ya Bunagana. Safari hii alileta gazeti la picha la Kifaransa. Ndani yake watu wanaruka mpaka kwenye nyota katika chombo cha chuma, na mashini yenye akili inawaongoza. Ordinatere, Furaha anasema. Basi nao wanatunga ya kwao. Kila mutu anaongeza neno lake, hadithi inaenda mbele. Mawe meusi ya hapa kiwanjani ndiyo chombo. Kasereka wa jirani ni komanda. Amani, mujukuu wangu mudogo, ni Numero Tatu. Furaha ni mashini. Anasemea ndani ya bidoni la maji, tupu, sauti inatoka nzito, kama ya mutu aliyeanguka kisimani. Mashini wameiita Kichwa.

Kelele tu. Maharagwe yalikuwa na changarawe. Muguu unauma.

Siku ya tatu, tarehe 10

Amani amekataa bugali na sombe. Amani! Mutoto anayelamba mpaka mwiko. Nikafikiri malaria. Nikagusa paji, baridi. Akasema Kichwa kimemukataza. Chakula cha dunia ni sumu kwa watu wa nyota.

Nikamupiga kofi moja. Akala. Alikula analia, macho kwenye manjanja.

Nikamuita Furaha, akanijibu mimi bibi yake: "Koko, ni muchezo tu, anajua." Hajui. Ana miaka saba. Kasereka ndiye aliyenieleza sheria yao. Kichwa hakikosei. Mwenye kukikatalia amekufa, anatoka kwenye chombo, anakaa karibu na choo mpaka wenzake wamalize. Juma lililopita Amani alikufa mara mbili. Nilimuona pale anavuta kamasi, nikafikiri ana tumbo. Sasa hakatai kitu tena.

Mapendo, binti yangu wa mwisho, alimuzaa huyu na hakuamka. Ndiyo yote aliyoniachia. Sitaki bidoni limulelee mutoto wa Mapendo.

Siku ya ine, tarehe 11

Kwenye robine ya maji, wanawake wengi. Naita Amani ashike ndoo. Hageuki. Naita tena. Anasema, "Mimi si Amani. Mimi Numero Tatu." Wanawake wakacheka. Mama Kasereka akapiga makofi: "Eh Koko, sasa unalea askari!" Nikacheka na wao, kwa mudomo.

Ndoo nilibeba mwenyewe.

Siku ya posho, tarehe 13

Nimetoka salongo, kazi ya lazima ya serikali, mugongo umevunjika, raia muzima, citoyenne, nafagia barabara. Kufika nyumbani nakuta Amani amefunga pua kwa vidole. Mashavu yamejaa, macho yanataka kutoka. Nikamupiga mugongoni, pumzi ikatoka. Anafanya mazoezi, anasema. Huko mbele kuna dunia isiyo na hewa.

Nimechukua sufuria, nikaisukuma chini ya kitanda changu. Bidoni nimerudisha kwenye maji. Nimewaambia muchezo umekufa, nao wakae karibu na choo.

Furaha akanitazama. Hakulia. "Koko, sufuria unaweza kuficha. Kichwa huwezi kuficha."

Mukono wangu ulipanda, ukabaki juu. Sikumupiga. Anazungumza kama mimi. Ni mimi niliyemufundisha kutojua kunyamaza. Nimekaa kwenye kiti nimeogopa mutoto wa miaka kumi na tatu.

Siku ya Mungu, tarehe 14

Misa. Kiwanja kimya. Hakuna aliyekaa kwenye mawe. Amani alikula vizuri, hata akaomba tena. Nimeshinda, nikafikiri.

Siku ya pili ya juma, tarehe 16

Naandika haraka. Maandishi yatakuwa mabaya, na yawe.

Asubuhi tulienda shamba la Lac Vert, mimi, Furaha, Amani, na Kasereka wa kutusaidia. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Nyuma ya mihogo yetu kuna shimo la mazuku. Hewa mubaya inalala mule chini. Haina rangi, haina harufu. Mbuzi anashuka, hapandi. Mbwa pia. Mutu akiinama mule amekwisha. Asubuhi isiyo na upepo ndiyo inajaa. Tumezungushia mawe na kufunga kitambaa chekundu kwenye kijiti. Amani tulimufundisha lile shimo mbele ya kumufundisha kuhesabu.

Hakuna mutu aliyekuwa anacheza. Hilo ndilo linaniua. Furaha alikuwa analima na kunung'unika juu ya malengelenge. Kasereka alikuwa anafukuza panya. Sufuria ilikuwa nyumbani Murara, chini ya kitanda.

Nikanyoosha mugongo. Amani alikuwa amekwisha kupita kitambaa.

Alikuwa anashuka polepole, vidole kwenye pua, kama mutu aliyetumwa. Nikaita. Niliita jina lake kwa sauti ya kufika muji wa Sake. Hakugeuka. Furaha akatupa jembe: "Amani, rudi, ni mimi Furaha!" Hakugeuka.

Nikakimbia. Magoti haya si ya kukimbia. Nilijua sifiki.

Ndipo Furaha akashika bidoni la maji ya kunywa. Akamwaga yote chini. Akaweka mudomo kwenye tundu. Sauti ile.

"Numero Tatu. Simama. Geuka. Panda."

Akasimama. Akageuka. Papo hapo, kama mulango kwenye bawaba.

Mimi niliyemutia maziwa kinywani tone kwa tone, nilimuita akapita. Bidoni likamuita akatii.

Akapanda kidogo. Magoti yakalegea. Akakaa chini, na chini ndiko kubaya. Nilivuta pumzi huku juu, nikafunga kinywa, nikaingia nimesimama wima, shingo juu kama nimebeba muzigo wa kuni. Sikuinama. Kila kiungo changu kilitaka kuinama nimuokote. Ningeinama tungelala wote wawili. Nikatia jembe kwenye mukanda wa kaputula yake, nikavuta kama ninayeng'oa muhogo. Kasereka akashika kitenge changu kwa nyuma, naye akavuta. Kitenge kikatoka. Kiondoke. Tukatoka.

Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Furaha alikuwa anamupepea na sketi na kusema "Yezu, Yezu". Halafu Amani akakohoa. Akatapika. Akafungua macho.

"Koko, nimekufa?"

Hakuuliza kama watu wanavyouliza. Aliuliza kama aende karibu na choo.

Siku ya tatu, tarehe 17

Amani anakunywa maziwa. Kichwa chake kinamuuma lakini anaongea. Muganga wa dispansere amesikiliza kifua, akasema mutoto ana bahati. Bahati! Ni jembe.

Furaha amesema yote bila kupigwa. Siku ya posho, nilipokuwa salongo, Kichwa kilitoa amri: tukifika kwenye dunia isiyo na hewa, Numero Tatu atashuka kuleta jiwe. Alisema hivyo ili hadithi iwe tamu. Hakuwaza shimo letu. Hakuwaza mahali popote. Jioni alikuwa amekwisha kusahau.

Alivua sufuria. Neno halikuvuliwa.

Na mutoto akajitafutia mwenyewe. Ni wapi hakuna hewa? Anapajua. Sisi ndio tuliomuonyesha.

Naogopa. Naandika wazi kwa sababu sitamuambia mutu. Shimo naliogopa kidogo, shimo linakaa mahali pake. Ninaogopa ile sauti. Ndiyo, imemurudisha. Inayoweza kumurudisha ndiyo ile ile inayoweza kumutuma.

Nilishika gazeti nilichome. Nikaliweka chini. Nichome kitu gani? Sufuria ilikuwa chini ya kitanda changu na bado alienda.

Siku ya tano, tarehe 19

Bauma amerudi na kamyo. Amesikia, akafungua mukanda. Nikamuambia akae. Baba mutu na ndevu zake, akakaa. Anataka kukataza yote. Mimi nilikataza, nikamuambia. Nilikataza siku ya posho, na baada ya siku tatu tulikuwa shimoni. Ukikataza, muchezo unaenda kukaa ndani ya mutoto, huko hakuna anayeuona. Nataka ukae hapa kiwanjani, mbele ya macho yangu.

Nikawaita kwenye mawe, wote watatu. Furaha hakuwa amekula tangu shamba. Nikamusukumia sahani kwanza. Kula, nitakugombeza ukiwa na nguvu.

Niliwaambia hivi. Kwetu Masisi mama yangu alikuwa anatoa hadithi kwenye moto, na kila neno tulimuitikia. Tulipochukia hadithi tulinyamaza. Hapo mama alifunga kinywa, hata kama alikuwa katikati ya simba. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuendelea peke yake. Ninyi mumepindua. Kwenu anayeitikia ndiye anaogopa.

Basi sheria ya mutu kukatalia Kichwa na kufa imekwisha. Anayesema hapana anabaki kwenye chombo na kiti chake. Wakinyamaza wote, Kichwa kinanyamaza. Kichwa kiseme kinachoonekana dirishani, nyota, moto, wanyama wa vichwa saba, sijali. Tumbo la mutu, pumzi ya mutu na miguu ya mutu nje ya mawe haya si vyake. Hata ndani ya hadithi mwenye sufuria asiseme fanya bila kusema ukitaka. Mutu akiuliza wewe ni nani, aliyeulizwa ajibu jina lake la kweli, hata kama chombo kinaungua. Na mbele ya kuvua sufuria, mwenye kuivaa arudie amri zake zote kwa sauti, azifute moja moja, amuite kila mutoto kwa jina la nyumbani mpaka aitike. Asipoitika, sufuria haitoki na hakuna anayekwenda kula.

Furaha aliweka sahani chini. Shingo ikapanda. "Lakini Koko, ordinatere ya kweli haiulizi batoto."

"Basi, ile ya kweli ikifika Murara, nayo ikae kwenye jiwe hapa isikilize."

Kasereka akacheka mpaka akaanguka. Bauma pia. Furaha alijizuia, akashindwa.

Halafu akalia. Sikumubembeleza. Nilikaa karibu naye, tukachambua maharagwe.

Amani hakucheka. Alikuwa anatazama bidoni.

Siku ya Mungu, tarehe 21

Nimetoa sufuria chini ya kitanda. Mukono haukutaka.

Nilikaa mulangoni na ungo. Walicheza baada ya misa. Chombo kilikutana na dunia yenye barafu. Kichwa kilisema kuna mutu amelala chini ya barafu, Numero Tatu anaweza kwenda kumuamsha, akitaka.

Niliacha kupepeta.

"Hapana," akasema. Kidogo sana. Akafunga macho, kama mutu anayengoja kofi.

Hakuna kofi. Halafu sauti ile nzito: "Nimesikia. Komanda, wewe unataka?" Kasereka akataka, mara moja, na kelele nyingi. Amani akafungua jicho moja. Bado alikuwa kwenye jiwe lake.

Mwisho Furaha alizifuta amri. Alisahau moja, Kasereka akamukumbusha. Akaita Kasereka, akaitika. Akaita Amani. Hakuitika. Akaita tena, bila bidoni, sauti imeanza kukatika. Mimi nilikuwa nimesimama, ungo umemwagika.

"Mimi hapa," Amani akasema. "Nilikuwa napima kama utangoja."

Shenzi mudogo. Mutoto wa Mapendo kabisa.

Jioni upepo ulitoka ziwani. Wamekula wote. Bado naogopa, lakini woga wa leo unaweza kukaa nami kwenye kiti.

Kesho Bauma apeleke miiba Lac Vert, azibe njia ya lile shimo mbele ya kitu kingine chochote. Sufuria isuguliwe kwa majivu, nipikie bugali. Wakimaliza kula, Amani aivae yeye. Furaha awe Numero Tatu.

Na akisema hapana, naye asikilizwe.