Mke wa Mwenye Gari

Litein, Machi 1971

Ndugu yangu Ongeri,

Majani ya chai ni mengi na ng'ombe amezaa. Nimesikia mama amezidiwa na ugonjwa na ananiulizia.

Tulikuwa tunakuja. Rejeta ya gari, ile ya maji ya kupoza injini, ilikuwa inavuja, basi mume wangu akatia dawa ya kuzibia, ule unga wa kopo. Tundu likaziba. Akafurahi, akaongeza makopo mengine, na mayai mabichi juu yake, eti nayo yanaziba. Kabla ya Sotik maji yakachemka, tukavutwa na trekta mpaka nyumbani. Fundi Kipkemboi alifungua, akacheka: "Bwana Nyaberi, umeziba tundu, na njia zote za maji umeziba pia!"

Nikasema nitapanda basi. Nyaberi akajibu, "Mke wa mwenye gari hapandi basi. Watu watasemaje?" Gari limesimama uani. Kila asubuhi analipangusa vumbi, kisha anafunga geti.

Naruhusiwa kutoka siku ya soko tu. Jumamosi ukileta ndizi sokoni hapa, usizime injini ya lori. Nitakuja na kikapu kitupu, kama mtu anayetafuta chumvi.

Mwambie mama anisubiri.

Dada yako,
Elmina