Dirisha la Jikoni la Bukavu

Mwanangu Neema,

Sijakuandikia tangu tulipokuzika, na ninakuomba radhi. Ulipokuwa chuoni nilikuandikia, nawe ukajibu. Kumwandikia mtu asiyejibu kulinishinda.

Makaratasi ya utafiti wako bado yamelala juu ya meza ya chakula. Mama yako amehamishia sahani jikoni. Mimi huyasoma asubuhi, kamusi mkononi, maana Kiingereza changu ni cha kitabuni. Sasa ninawajua Wachina wako: waliojenga reli za Amerika, kisha ikatungwa sheria ya kuwafungia mlango, isipokuwa wachache, kama wafanyabiashara na watoto wa raia. Ninawajua pia vijana walioingia kwa jina la baba asiyewazaa. Melini walikariri kijiji kizima, kisima kiko wapi, jirani ni nani, kwa sababu afisa wa bandarini angewauliza.

Unakumbuka Jumapili uliyotusomea habari zao? Nilisema uongo ni uongo, hata ukisemwa kwa Kichina. Uliweka uma chini. "Papa," ukasema, "sheria ndiyo iliyoanza kudanganya. Iliwaambia hawana ndugu." Nilikuamuru umalize wali. Nilidhani nimeshinda.

Sasa sikiliza. Zawadi, binti wa marehemu mdogo wangu, yuko Bujumbura peke yake. Vita vilimchukua mama yake kule Uvira. Ulikuwapo siku ya kuondoa matanga ya baba yake: wazee waliushika mkono wake, wakauweka katika mkono wangu, wakamwambia kwamba baba yake ndiye huyu. Kwetu jambo hilo lilikwisha hapo. Lakini nilipokwenda ofisi ya uhamiaji kuomba aje kwetu huku ugenini, bibi mmoja wa ofisini, mpole kabisa, aliniuliza kama ni binti yangu wa kumzaa. Wa ndugu, alisema, hana nafasi. Nilimwambia nitarudi na jibu.

Maman Béa, aliyekuwa akikusuka nywele katika saluni yake kule Galerie d'Ixelles, alinicheka. "Tonton, bon, mutoto anakuita papa. Unatafuta shida gani tena? Sema ni wako, basi." Mteja wake akauliza kama Wazungu watafika Uvira kupima tumbo la marehemu mama wa mtoto. Saluni nzima ikacheka. Mimi niliaga.

Jumamosi nilimpigia Zawadi simu. Kabla sijamweleza lolote, aliniuliza, "Papa, dirisha ya jikoni, ku nyumba yetu ya Bukavu, inaangaliaka wapi? Ku ziwa ao ku barabara?"

Mtu amekwisha kumwambia kwamba ataulizwa. Katika nyumba ile hakulala hata usiku mmoja, Neema. Sikumsahihisha Kiswahili chake. Nilimjibu: ziwani. Nikaongeza kwamba hapo ndipo dada yake alipokuwa akisimama juu ya kigoda, akiosha vikombe na kuimba vibaya. Akataka kujua ulikuwa ukiimba nini. Nilimwambia nitampigia tena.

Kwa hiyo dirisha moja nimekwisha kumfundisha. Mimi, niliyekuamuru umalize wali.

Jumatatu nitakwenda ofisini. Nikisema kama walivyosema wazee, kwa sheria ya bibi yule nitakuwa nimedanganya. Nikijibu kama anavyouliza yeye, kwamba si wa kumzaa, nitakuwa nimemkana mtoto niliyepewa mbele ya watu, naye atabaki kule alipo. Nimepekua makaratasi yako nione baba mmoja wa Kichina alilala vipi usiku wa kuamkia maswali. Hukuandika. Huenda ulikuwa bado unatafuta. Ningekuuliza wewe, katika nyumba hii ni wewe uliyesomea mambo haya.

Pumzika, mwanangu. Mama yako anakusalimu, ingawa hajui kwamba ninaandika. Nikishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, kwa vyovyote itakavyokuwa. Na kama Mungu atajalia Zawadi afike, barua hiyo sitaileta mimi kaburini. Ataileta mdogo wako.

Baba yako