Shangazi Kasikia Yake

Mwenzangu, nimekaa kwenye ngazi za hospitali hasira zimenipanda. Shangazi ametuvua nguo!

Daktari wa kaka alieleza taratibu kabisa. Kwamba kwa baadhi ya wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili alio nao kaka, huenda kinga ya mwili inachachamaa kupita kiasi na kuusumbua ubongo. Bado wanachunguza, ndiyo maana anaomba damu ya kaka.

Kinga. Damu. Shangazi hakungoja la tatu. Akajishika kichwa, akatoka mbio hadi kwenye korido: "Jamani, mtoto wetu ana ukimwi!"

UKIMWI! Nani kautaja? Na hata angekuwa nao, ndio wa kutangaza kwenye korido?

Namfuata, namwambia, "Shangazi, hakuna aliyesema hivyo." Ananijibu, "Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili!" Na kesharekodi sauti, kaituma kwenye grupu la ukoo. Watu wanatuma pole, mwenzangu. Pole!

Narudi ndani, namkuta kaka katulia, mkono keshaunyoosha kwa sindano. Kaka huyuhuyu, miaka yote anaambiwa anasikia yasiyosemwa.

Akaniuliza kwa upole: "Na shangazi ataanzishiwa dawa lini?"