Siku Simu Yetu Ilipohamia Norwei

Mpendwa Nuru,

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kwamba jogoo mwekundu amehamia rasmi jikoni, na hataki majadiliano. Bibi yako hajambo. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba.

Umeuliza kama ni kweli nilivunja kizuizi cha mtandao. Kumbe sifa zangu zimefika hadi bwenini Mbeya! Basi sikia. Tajiri mmoja aliziba mfereji wetu hapa Akheri, migomba ikaanza kunyauka. Tukabandika picha kwenye jukwaa la mtandaoni, na watu wa mjini wakaanza kuuliza maswali. Mara jukwaa likafungiwa nchi nzima.

Jumapili, baada ya mnada wa mazao nje ya kanisa, wakulima wakanizunguka. "Mzee, si wewe fundi wa simu?" Nikakohoa kifundi. Ikawekwa VPN, ile programu inayoifanya simu ionekane iko nchi nyingine. Simu ikajiona iko Norwei, jukwaa likafunguka, tukatuma picha mpya na majina yetu yote chini yake. Wiki haikuisha, maji yakarudi! Vigelegele vilipigwa hadi mbwa wakakimbia.

Sasa ukweli, maana wewe nakuogopa. Aliyeweka VPN ni bibi yako, aliyefundishwa na mpwa wake anayeishi Levolosi, kule mjini. Mimi nilijaribu kuiwasha, nikaifuta. Akaiweka upya, akanipa simu mbele ya watu wote: "Baba Anna, shika hapa, ila usiguse kitu."

Nikashika vizuri sana.

Babu yako