Delta Haikutoka Mlimani

Jumatatu, 14 Julai 2025. Mhezi.

Ukurasa wa sitini na moja. Kuna shimo. Mungu wangu.

Nilikuwa napitia tu tasnifu yangu ya udaktari wa hesabu, najiandaa na utetezi wa Jumanne ijayo. Nikafika pale nilipoandika, "ni dhahiri kwamba Delta inatoka kwenye homotopia." Dhahiri! Dhahiri kwa nani? Sijawahi kuithibitisha. Miaka minne nimejenga juu yake.

Labda nimechoka.

Jumatano, 16 Julai

Sikuchoka. Ni kosa kweli.

Tulikuwa tunapukuchua maharage uani, baba akauliza mbona sili. Nikamweleza kwa mfano. Kuna dunia ya maumbo, homotopia, tuseme ni huku mlimani. Kuna dunia ya namba, fomu za modula, tuseme ni Same, mjini kule chini. Kila kitu cha mlimani kina njia ya kushuka Same. Mimi nimeikuta Delta, mojawapo ya hizo fomu, huko Same, nikaapa imetoka mlimani. Kumbe si kila anayeonekana sokoni Same katoka huku!

Baba akauliza, sasa huyo Delta hana ndugu wa kuulizwa? Akacheka mpaka akakohoa. Nikacheka naye, huku roho inaniuma.

Mama keshapeleka jina langu kanisani. Shukrani Jumapili: mbuzi, ndizi, kwaya. Nikamwomba tusubiri kwanza nifaulu. Akasema Mungu hashukuriwi kwa risiti.

Ijumaa, 18 Julai

Nimejaribu kila kitu.

Delta mara ishirini na nne — hiyo inatoka mlimani, inajulikana. Lakini vitu ninavyovitafuta, ukivizidisha kwa ishirini na nne vinakuwa sifuri. Vyote! Nabaki mikono mitupu.

Halafu asubuhi hii nikakumbuka: Delta ikizidishwa kwa yenyewe mara ishirini na nne inatoka mlimani pia! Nikapiga kelele, kuku wakatawanyika. Nikaandika upya harakaharaka. Mpangilio wa vitu hivyo haujirudii kila hatua 24 kama nilivyodai. Unajirudia kila hatua 576. Safi kabisa, hakuna shimo.

Ila hilo wengine walishalithibitisha zamani, wakati huo mimi sijamaliza hata shule ya msingi.

Kilicho sahihi si changu. Kilicho changu si sahihi. Basi nimekwisha.

Jumamosi, 19 Julai

Nimepanda mpaka penye mtandao, nikamwandikia Profesa Rogath, msimamizi wangu. Nimelikuta kosa, naomba tuahirishe utetezi.

Kajibu upesi mno. Kwamba alishaliona tangu Machi. Kwamba watahini si watu wa fani hii, hawataligusa. Nitetee kwanza, marekebisho yatakuja baadaye, na nisimwambie mtu.

Tangu Machi! Na kila mwezi ananiandikia "kazi nzuri, Irine"!

Nimelia pale barabarani bila aibu. Bodaboda mmoja akasimama, akauliza nimefiwa na nani. Akanipa pole, akaenda zake.

Nikinyamaza Jumanne, nitaitwa daktari. Nikisema, narudi nyumbani bila kitu, na sijui kama nitapewa nafasi nyingine. Namchukia Profesa. Najichukia zaidi, maana nusu yangu inataka kumtii.

Jumapili, 20 Julai

Naandika kanisani, najifanya nanukuu mahubiri. Sijamjibu Profesa.

Mbuzi yuko nje, amefungwa karibu na ndizi, vyote vitanadiwa baada ya ibada. Mama Sifael, jirani yetu, kashanibana mlangoni: binti yake naye anapenda hesabu, anasema anataka awe kama mimi. Nikamwamkia, nikapita haraka.

Kwaya imekaa. Sasa mchungaji anasema, Dokta wetu — Dokta! — apite mbele awaambie washarika alichogundua. Vigelegele kanisa zima. Siwezi. Jamani, siwezi.

Baba ameshainuka kunipisha. Mama ananiweka sawa kitenge begani, ananinong'oneza nisiongee kwa kujificha. Niseme kwa sauti, wa nyuma nao wasikie.