Boksi Namba Moja

Dada yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote. Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, karatasi nimeiweka kwenye ukingo wa dirisha kwa sababu meza imeshaondoka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, Mama naye analala vizuri, na goti lako limepungua maumivu tangu ulipoacha kumwinua peke yako. Huku sisi hatujambo. Mkubwa amerefuka mpaka amenifikia begani, na kitindamimba meno mawili ya mbele yamemng'oka, kwa hiyo siku hizi akisema nawe simama mbali kidogo, anatema mate. Mke wangu anakusalimu. Mimi siumwi, nimechoka tu. Uchovu si ugonjwa, ila ungekuwa ugonjwa ningekuwa nimelazwa zamani.

Barua yako niliipata, nikaisoma mara nne. Umeniuliza jambo moja, ukaliandika peke yake kwenye mstari wake: fundi saa umwambie mwezi gani. Dada, sijasahau tulivyopatana. Ulisema utamwangalia Mama miaka miwili, kisha iwe zamu yangu. Na fundi saa, tangu alipofiwa na mkewe akaja kukuposa, alisema atangoja miaka hiyo miwili, kisha uhamie kwake mjini. Miaka miwili imekwisha mwezi uliopita. Mtu anayetengeneza saa za watu anajua kungoja, lakini hata saa nzuri hufika mahali ikasimama. Nitakujibu, usiruke mistari.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza, humu ndani ya bahasha mna hati ya shehena. Bandarini hawataki picha ya kwenye simu, wanataka karatasi yenyewe yenye mhuri, na vyombo vyetu viko baharini, vitafika kabla ya wenyewe. Ya pili, kwenye simu huwa unanikatiza, nami nikikatizwa hudanganya. Mwezi huu nimekudanganya hivyo mara mbili.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, kwamba tunahamisha nyumba za watu. Asubuhi tunaingia kwa mtu bado ana kikombe cha chai mkononi, jioni tunatoka hakuna kilichobaki ila misumari na alama za picha ukutani. Mwezi huu tumeshusha kabati za mwalimu mstaafu kutoka ghorofa ya tano, lifti imekufa, na mwenyewe anatufuata ngazi kwa ngazi akituomba tusiuchanganye mpangilio wa vitabu vyake. Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi hawakuwahi kumbebea mwalimu vitabu. Mwenzangu kazini tunamwita Mzani, kwa sababu hutazama kitu mara moja akakwambia uzito wake, na hakosei. Msimamizi wetu alipopita siku ile Mzani alimtazama akasema huyo kilo tisini, arobaini ni kelele. Tulicheka mpaka tukalazimika kulitua kabati.

Mke wangu na watoto waliponifuata huku, mwaka mmoja baada yangu, tuliapizana kwamba hatununui kitu. Sisi wa kupita. Miezi sita ya kwanza dirishani tulitundika shuka kwa misumari, kwa sababu mke wangu alisema akishona pazia atakuwa amekubali. Lakini watu wanaohama huacha vitu, dada. Huyu anaacha kiti kwa kuwa hakiingii kwenye hesabu ya kontena, yule anaacha jokofu, mwingine anaacha kitanda cha watoto kwa sababu watoto wamekua. Kila wiki nikarudi na kitu begani. Tulikuja na masanduku matatu, na mkataba ulipofika ukingoni tukajikuta na nyumba nzima ambayo hatukuinunua.

Kampuni ina desturi moja nzuri. Mfanyakazi akimaliza mkataba, hupewa nafasi iliyobaki kwenye kontena linaloelekea upande wa kwao. Letu lilipangwa Alhamisi. Mke wangu akaanza kufunga wiki tatu kabla, tukagombana kila siku, maana yeye hufunga kama anayekwenda sokoni na mimi hufunga kama ninavyofundishwa. Nikamwambia sahani hazilazwi, husimamishwa kama vitabu, ndipo hazivunjiki. Akaniambia amesafiri na sahani zake tangu yu mwari na hajavunja hata moja, mimi niliyefundishwa nimevunja tatu kwenye sinki. Lakini alizisimamisha. Jokofu tulilizima siku mbili kabla, tukalikausha, na mlangoni tukabana soksi ili lisifunge kabisa likanuka. Watoto walikwenda shule kuaga. Kitindamimba alirudi na kadi kubwa yenye majina ya darasa zima, akaiweka yeye mwenyewe kwenye boksi la sufuria, eti hapo haiwezi kukunjika.

Alhamisi wenzangu wakaja na kontena. Kwa mara ya kwanza tangu nije huku, sikubeba. Nilisimama mlangoni na ubao wa orodha mkononi na kalamu sikioni, kila boksi linalopita nalitaja namba na kulitia alama. Mke wangu alishangaa akaniuliza kwa nini wanaonivunjia mgongo kila siku leo wananipa kalamu. Nikamwambia ni heshima ya kuniaga. Alifurahi, dada. Alikwenda kuwachemshia chai kwa birika la jirani.

Mlango ukafungwa, lakiri ya chuma ikatiwa. Ikishatiwa haikatwi tena ila bandarini kwenu, mbele ya watu wa ushuru. Mzani akajifuta jasho, akapokea chai yake, akamwambia mke wangu kwa furaha yote kwamba sasa watamwonea wivu mumewe kila siku, maana ni kiongozi wa kikosi kwa miaka mitatu mizima na mabega yake yatanenepa kama ya msimamizi. Kisha akaona uso wa mke wangu. Alinitazama mimi, akanywa chai yote ya moto kwa mkupuo mmoja, akasema gari linawangoja.

Sasa nakuambia, dada, na hapa hakuna wa kunikatiza.

Jumatatu ya wiki ile ile msimamizi aliniita ofisini. Kiongozi wa kikosi chetu alikuwa ameacha kazi. Msimamizi akanisogezea mkataba wa miaka mitatu na juu yake akaweka ule ubao wenye orodha. Alisema nina siku tatu za kufikiri. Sikuchukua hata dakika tatu. Wala usinitafutie udhuru, najua utautafuta, umenitafutia tangu nilipokuwa mdogo. Si kwamba nilitishwa, wala sikukosa kuelewa nilichosoma, nilikisoma chote. Ni ubao ule. Mimi mtu wa darasa la sita, niliyebeba tangu nina miaka kumi na tisa, nimefika arobaini na tano, nikaambiwa kuanzia leo wewe huinui, wewe unaandika. Mgongo wangu ulitia sahihi kabla ya mkono. Na nyuma ya mgongo kulikuwa na jingine baya zaidi: niliogopa kurudi. Huko nyumbani nani ataniita kiongozi? Ningerudi kuwa mtu wa kubeba magunia ya wengine, na kumwinua Mama, kazi ambayo wewe umeifanya miaka miwili bila ubao wala kalamu. Niliyeiita nyepesi ni mimi. Nilikuandikia hivyo mwaka jana, nakumbuka.

Msimamizi akaniuliza kama nafasi ya kontena bado naitaka. Hapo ndipo pangekuwa pa kusema hapana. Nilisema ndiyo, kwa sababu nyumbani maboksi yalikuwa yamefika hadi dari na sikuwa na mdomo wa kumwambia mke wangu ayafungue. Nikajipa moyo kwamba kabla ya Alhamisi nitapata la kusema. Alhamisi ikafika, nikapata kalamu tu. Orodha yangu ya kwanza kama kiongozi, dada, ni ya nyumba yangu mwenyewe.

Tulipobaki peke yetu mke wangu hakupiga kelele. Chumba kitupu hakihitaji kelele, hata kikohozi kinarudi kutoka ukutani. Alisema nimezifunga sahani zote kwa karatasi laini zisivunjike, yeye nimemwacha wazi. Nikamwambia nitauchana mkataba. Akaniuliza, utauchana? Nikapeleka mkono sikioni kuigusa kalamu, naye alikuwa ameshapata jibu lake. Akakaa sakafuni, akaniambia vyombo vimekwenda na yeye ndiye mwenye vyombo, kwa hiyo anavifuata na wanawe kwa tiketi zile zile, tarehe ile ile. Nikamwambia Mama ni mzito, na si mama yake. Akasema hilo ningelikumbuka nikiwa na kalamu mkononi. Akasema wifi yake hatangoja miaka mitatu mingine ili mimi nipumzishe mgongo, na kwamba nisithubutu kukuandikia kana kwamba wazo hili ni langu. Kwa hiyo nakuandikia: si langu, ni lake.

Hilo ndilo jibu lako. Mwambie fundi saa mwezi ujao. Mke wangu na watoto watashuka tarehe ishirini na nane mwezi huu. Mpe wiki moja umwonyeshe dawa za Mama, na jinsi anavyopenda mto wake, kisha funga mlango wako uende. Usirudi nyuma kumhurumia. Alisema nikuandikie na hilo.

Mpaka siku hiyo tunaishi humu kama wageni wa nyumba yetu. Jirani ametuazima magodoro mawili na vikombe vinne. Watoto wanapenda mwangwi, wanaita majina yao jikoni wayasikie chumbani. Mke wangu anaongea nami kuhusu mambo ya safari tu, na huongea vizuri, kwa utaratibu, kama anavyoongea na karani. Wakishaondoka nitahamia chumba cha Mzani. Amenipa na koti lake, mikono imezidi vidole, kwa kuwa nguo zangu nzuri zote ziko baharini. Hakuniuliza neno juu ya siku ile. Alisema tu kwamba nimepungua kilo tano, na kwamba zamani alikuwa hakosei kwa watu, sasa ameanza kukosea.

Sasa ya bandarini, uyashike vizuri. Hati usiikunje. Nenda na kitambulisho chako, jina la mpokeaji ni lako, herufi kwa herufi. Nenda wiki ile ile meli ikifika, vyombo visilale ghalani kwao. Tafuta lori lenye turubai, na mwenye lori umwone uso kabla hujaona gari. Jokofu lisimame siku nzima kabla ya kuwashwa, hata kitindamimba alie vipi. Skrubu za vitanda zimo ndani ya soksi, soksi imebandikwa chini ya meza. Sahani ziko kwenye maboksi namba kumi na nne mpaka kumi na sita, mwachie mke wangu azifungue mwenyewe, anataka kuona kama nilisema kweli. Ndani ya boksi namba ishirini na mbili mna saa ya ukutani iliyosimama, iliachwa na mwenye nyumba mmoja aliyesema haiponi. Hiyo mpe fundi saa, mwambie shemeji yake amemtumia kazi.

Limebaki boksi namba moja. Hilo ni langu. Ndimo nilimoweka suti, viatu nilivyonunua kwa ajili ya siku ya kushuka, kinyoleo, na ile redio ya Baba uliyonipa nikiondoka. Nililiandika namba moja kwa sababu ndimi niliyekuwa na orodha, nikaona fahari, nikaagiza liingie mbele ya yote. Lakini kontena lina sheria yake moja ambayo hata mtoto wa kazini anaijua: kinachoingia kwanza hutoka mwisho. Watu wa lori watakutolea magodoro, watakutolea vitanda, vyombo vyote vya mke wangu na vya watoto, mpaka utadhani kontena ni tupu. Wasifunge. Waambie waingie mpaka ukuta wa nyuma kabisa.

Usilifungue. Lisukume chini ya kitanda cha Mama. Na akiuliza kama anavyouliza kila asubuhi kama nimefika, usimfiche tena kwa ajili yangu. Mwambie nguo za mwanawe zimefika. Mwenyewe aliingia wa kwanza, atatoka wa mwisho.

Msalimie Mama mikono miwili. Msalimie fundi saa, na umwombe radhi kwa niaba yangu, nami nakuomba radhi kwako, ukiweza unipe, usipoweza sasa uniwekee. Watoto wanasema shangazi yao asiondoke kabla hawajamwona, hata kwa siku moja.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki.